Mapigo Ishirini na Manne

"Irudishe," alisema Inspekta Roberta Gilliland.

Konstebo Donal Mallon akairudisha video mwanzo kwa mara ya sita asubuhi hiyo. Bendi ya filimbi ya Ravenmoyle ikatokea tena kwenye kona ya Mtaa wa Carnlea, filimbi thelathini na ngoma saba, sare za buluu zikimetameta kwa manyunyu. Mbele yao alitembea kiongozi wa gwaride, Ivor Mawhinney, akiirusha fimbo yake ndefu yenye kichwa cha fedha na kuidaka bila kuitazama. Video hiyo ilipigwa kwa simu na Ethel Topping wa namba 40, kutoka dirisha la ghorofani, saa tatu na dakika ishirini asubuhi ya Siku ya Kumi na Mbili ya Julai, sikukuu ya gwaride la Waprotestanti.

Saa saba mchana wa siku hiyohiyo, Bi Topping alivuka barabara na sahani ya nyama na viazi kumpelekea jirani yake wa namba 37, Wesley Haddick, mwalimu wa filimbi mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Alimkuta chini ya ngazi, shingo imevunjika. Daktari alikadiria kuwa mzee huyo alikufa usiku wa kuamkia gwaride, kati ya saa mbili na saa tano, wakati mtaa mzima ulikuwa uwanjani ukiuangalia moto mkubwa unaowashwa kila mkesha. Katika vidole vya mkono wake wa kulia kilibanwa kipande cha karatasi, pembe tupu isiyozidi ukubwa wa ukucha.

Sasa ilikuwa tarehe kumi na nne, na mshukiwa alikuwa seli. Gráinne Devenny, miaka ishirini, mwanafunzi wa uuguzi, Mkatoliki kutoka upande wa pili wa ukuta unaowatenganisha Wakatoliki na Waprotestanti. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye kishikio cha ngazi. Bi Topping, aliyechelewa kwenda uwanjani, alimwona akitoka namba 37 saa mbili na nusu usiku. Filimbi ya marehemu, ya mti mweusi wenye pete za fedha, ilikutwa chini ya kitanda chake. Gráinne alisema Haddick alikuwa akimfundisha kwa siri tangu Februari, na kwamba usiku ule alimpa filimbi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyeweza kumthibitishia.

Muda wa kumshikilia ulikuwa unakwisha saa kumi na mbili jioni. Mrakibu Crozier alikwisha kuandaa hati ya mashtaka, na hakuwa amelificha jambo hilo. "Mtaa unataka jina, Roberta," alikuwa amesema. "Jina tunalo."

Gilliland aliitazama video akitafuta uso wa mgeni kwenye madirisha na pembezoni mwa barabara. Hakuona kitu.

"Afande," Mallon akasema, "simu ya huyu mama mbovu, au?"

"Kwa nini?"

"Sauti inakatika. Sikiliza hapa. Filimbi zote zinapotea, inabaki ngoma moja tu, du... du... du... Halafu filimbi zinarudi."

Gilliland akasogea karibu. Alikulia Tyrone, akitembea nyuma ya ngoma ya baba yake kila kiangazi, na masikio yake yalikuwa yameupokea ukimya ule mara tano bila kuuhoji, kama mtu anavyosikia saa ya ukutani nyumbani kwake. Ilihitajika mtu kama Mallon, Mkatoliki ambaye hakuwahi kusimama kando ya gwaride hata siku moja.

"Simu ni nzima," alisema polepole. "Hiyo ni heshima. Bendi ikipita mbele ya nyumba ya msiba, filimbi zinashushwa, na ngoma kubwa inapiga pigo mojamoja mpaka nyumba ipitwe."

Mallon akamgeukia. "Nyumba ya msiba? Saa tatu asubuhi? Afande, maiti iligunduliwa saa saba."

"Ndiyo," alisema Gilliland, akichukua koti lake. "Twende."

*

Katika Mtaa wa Carnlea, bendera ndogo zilikuwa bado zimetundikwa kutoka paa hadi paa, zimelowa. Walianza na kanisa dogo la misheni lililo mwisho wa mtaa, kwa sababu ngoma hupigwa hivyo pia mbele ya kanisa lenye ibada. Mlango ulikuwa na kufuli, na tangazo lililobandikwa lilisema kwamba siku ya gwaride hakukuwa na ibada yoyote.

"Basi si kanisa," alisema Mallon.

Wakasimama katikati ya barabara. Gilliland aliishika simu yenye video mkononi na kuisimamisha pale fimbo ya Mawhinney ilipoinuliwa juu, imelala kama boriti. Nyuma yake ulionekana mlango mwekundu wa namba 29. Akaisogeza mbele mpaka fimbo iliposhuka na filimbi zikarudi midomoni. Mlango ulikuwa wa kijani, namba 45.

"Tembea," akamwambia Mallon. "Hatua za gwaride, si za kukimbilia basi."

Mallon akatembea kutoka mlango mwekundu hadi wa kijani. Hatua arobaini na nane. Gilliland akahesabu mapigo ya ngoma kwenye video, moja kwa kila hatua mbili. Mapigo ishirini na manne. Kisha akamrudisha Mallon kwenye mlango mwekundu na kumwambia asimame baada ya hatua ishirini na nne.

Mallon alisimama mbele ya namba 37, penye utepe wa polisi mlangoni.

Pazia la namba 40 likacheza, dirisha likafunguka. "Mnatafuta nini tena?" Bi Topping akapaza sauti. "Si mmeshamkamata yule binti?"

"Mama, hebu tuambie. Asubuhi ile, uliposikia filimbi zinanyamaza, ulidhani nini?"

"Nilidhani Agnes McKibbin amekwenda. Huyo wa namba 39. Walimpeleka hospitali wiki iliyopita, mapafu. Nikasema moyoni, masikini Agnes, na mimi sikumrudishia bakuli lake."

"Nani alikwambia amekufa?"

"Hakuna. Ngoma iliniambia."

Dirisha likafungwa. Mallon alikuwa tayari amepiga simu hospitali. Alisubiri, akasikiliza, akashukuru.

"Agnes McKibbin yu hai, afande. Muuguzi anasema asubuhi ya leo ameukataa uji na anadai yai."

*

Ukumbi wa bendi ulinuka mvua na nta ya ngozi. Trevor Magowan, mpiga ngoma kubwa, jitu la miaka hamsini ambaye watu wote walimwita Kadogo, alikuwa amepiga magoti akikaza kamba za ngoma yake. Hakuinuka.

"Inspekta. Na huyu ni nani?"

"Konstebo Mallon."

"Mallon!" Magowan akacheka kwa puani. "Jina hilo si la upande huu. Kaa, kijana, viti vyetu haviumi."

"Nitasimama, Kadogo. Nimeambiwa mnapiga watu na ngoma."

"Tunapiga ngoma tu. Watu hupigwa na waimbaji wa kwaya." Alitabasamu, lakini tabasamu lake halikudumu. "Mnataka nini?"

"Mbele ya namba 37 ulishuka kwenye pigo mojamoja," alisema Gilliland. "Kwa amri ya nani?"

"Ya fimbo. Mimi sina amri yoyote, Inspekta. Fimbo ikilala juu, napiga moja. Ikishuka, narudi kwenye wimbo. Hata nikiwa usingizini."

"Na hukuuliza ni msiba wa nani?"

"Barabarani mtu haulizi. Tulidhani Bi McKibbin."

"Baada ya gwaride ulimuuliza Mawhinney?"

Magowan akaikaza kamba iliyokwisha kukazwa. "Siku ndefu ile. Watu wamechoka."

Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na ubao mweusi wenye kanuni za bendi, zimeandikwa kwa rangi nyeupe na mkono wenye herufi za duara. Gilliland aliisoma kanuni ya tano kwa sauti. "'Nyumba ya msiba. Filimbi chini, pigo moja kwa hatua mbili. Kiongozi aanze hatua ishirini na nne kabla ya mlango, amalize hatua ishirini na nne baada yake. Anayekosea amemkosea marehemu.' Nani aliandika?"

"Wesley mwenyewe. Miaka thelathini iliyopita. Ivor alifanyishwa mazoezi hapo nje mpaka viatu vikatoboka."

"Kila mwaka mnapopita kwake mnafanya nini?"

Magowan akaitazama ngoma. "Tunasimama. Wesley anatoka kizingitini na ndara zake, anapiga nasi wimbo mmoja, kisha tunakwenda."

"Mwaka huu?"

"Fimbo haikutuambia tusimame."

"Hakutoka. Hamkumwona. Na hakuna hata mmoja kati yenu aliyegonga mlango wa mzee?"

"Nimeshakwambia, Inspekta," alisema Magowan, sauti yake imekauka. "Mimi hufuata fimbo."

Nje, Mallon alitikisa kichwa. "Huyo anaficha kitu. Jitu zito, mikono kama koleo. Angeweza kumsukuma mtu ngazini kwa kidole."

"Anaficha," Gilliland alikubali. "Lakini mpiga ngoma haanzishi ukimya. Anaufuata."

Ilikuwa saa kumi na nusu.

*

Ivor Mawhinney aliwapokea akiwa amevaa aproni. Juu ya meza ya jikoni fimbo ya gwaride ililazwa kwenye taulo, kichwa chake cha fedha kimefunguliwa, na kando yake kulikuwa na kopo la dawa ya kung'arishia. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini na mitatu, mgongo wake umenyooka kama rula. Koti la sare lilitundikwa nyuma ya mlango.

"Karibuni chai. Huyu kijana anakunywa chai yetu?"

"Nakunywa, mzee," alisema Mallon. "Ilimradi isiwe ya rangi ya chungwa, rangi yenu Waprotestanti."

"Basi tutaiongezea maziwa mpaka usiitambue." Mawhinney akamimina, akakata mkate wa zabibu, akapaka siagi. "Msiba mkubwa huu. Mmempata aliyefanya, nasikia."

"Tunamalizia mambo madogo," alisema Gilliland. "Nimeiona video ya Bi Topping. Baba yangu alikuwa mtu wa ngoma, Bwana Mawhinney, na nakwambia kweli, sijawahi kuona kiongozi anayeshika hatua kama wewe."

"Baba yako wa wapi?"

"Karibu na Fintona."

"Wanajua kazi kule." Alikaa. "Siri ni kuhesabu. Watu wanadhani ni kurusha fimbo. Kurusha ni kwa ajili ya watoto. Mimi tangu natoka ukumbini mpaka uwanjani nahesabu."

"Hukosei?"

"Miaka thelathini, Inspekta. Muulize yeyote. Hata hatua moja."

"Nimeuliza. Wamesema hivyohivyo." Gilliland akanywa chai. "Pale Carnlea mlishuka kwenye pigo mojamoja. Kwa nani?"

Mawhinney hakuchelewa kujibu. "Agnes McKibbin, namba 39. Nilisikia amefariki."

"Kwa nani ulisikia?"

"Watu, pale kwenye moto. Usiku wa mkesha watu wanasema mengi."

"Yu hai. Asubuhi ya leo amedai yai."

"Namshukuru Mungu. Basi niliambiwa vibaya." Akapangusa makombo kwa kiganja. "Kumheshimu mtu mapema si jinai, nadhani."

"Si jinai. Na mbele ya Haddick hamkusimama kama kila mwaka."

"Huwezi kusimamisha bendi na kuipigisha wimbo mlango jirani na nyumba ya msiba. Ingekuwa utovu wa adabu."

Jibu lilikuwa zuri. Mallon alimtazama Gilliland, naye Gilliland alifungua daftari lake na kuligeuzia upande wa pili wa meza. Alikuwa amechora mtaa kwa penseli, mlango baada ya mlango.

"Nisaidie kuhesabu, maana wewe ndiye fundi. Fimbo yako iliinuka hapa, mlango mwekundu, namba 29. Ilishuka hapa, mlango wa kijani, namba 45. Hatua arobaini na nane, mapigo ishirini na manne. Kila nyumba pale ina upana wa hatua sita. Kama ulikuwa unamheshimu Bi McKibbin wa namba 39, basi ulianza hatua thelathini kabla ya mlango wake na ukamaliza hatua kumi na nane tu baada yake."

Mawhinney aliutazama mchoro.

"Ulimkosea marehemu mara mbili," alisema Gilliland. "Mapema mno, na ukamwacha mapema mno. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza."

"Barabara ilikuwa imelowa."

"Ulikosea, Bwana Mawhinney?"

Mawhinney aliivuta fimbo karibu naye.

"Nitaandika hivyo kwenye maelezo yako, kisha utatia sahihi. 'Mimi, Ivor Mawhinney, kwenye Siku ya Kumi na Mbili, mbele ya mtaa wangu, nilikosea hatua sita.' Niandike?"

Mallon aliacha kutafuna. Mawhinney alikuwa ameishika fimbo, dole gumba likipita polepole juu ya kichwa cha fedha, na kwa mara ya kwanza mgongo wake ulipinda kidogo.

"Usiandike," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikukosea."

Gilliland alimkumbusha haki yake ya kunyamaza, neno kwa neno kama sheria inavyotaka, na kumwambia kwamba tangu sasa yuko chini ya ulinzi. Mawhinney alisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Ulijua tangu saa ngapi kwamba Wesley amekufa?"

"Saa nne kasoro robo usiku." Alisema kama mtu anayesoma saa. "Nilimsikia kwenye simu mchana akisema kutakuwa na badiliko kwenye safu. Nikaenda. Alikuwa juu, chumba cha mazoezi, akatoka na karatasi mkononi mpaka kichwani mwa ngazi. Nikamwambia nipe nione. Akasema, 'Utaisoma asubuhi pamoja na wenzako, Ivor.' Nikaivuta. Naye akaishika. Karatasi ikaja kwangu, yeye akaenda chini. Sikumsukuma, Inspekta. Lakini sikumwachia pia."

"Na hukuita gari la wagonjwa."

"Nilimgusa shingoni. Nilikuwa mtu wa zimamoto miaka ishirini, najua. Nikafunga mlango, nikaenda kusimama kwenye moto ambapo kila mtu angeniona."

"Kisha asubuhi ukaongoza gwaride," alisema Mallon. "Mzee, ungesimama tu kama kila mwaka. Ungepiga wimbo, ukamtuma mtu agonge. Leo tusingekuwa hapa."

"Unadhani sikuwaza hivyo? Usiku kucha nilijifunza maneno ya kushangaa." Mawhinney akaiweka fimbo chini. "Nilipofika mlango mwekundu mkono ukainuka. Siwezi kupitisha filimbi thelathini mbele ya Wesley amelala pale sakafuni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hilo halifanywi."

Aliinuka. Mallon akainuka naye, lakini mzee alikwenda hadi mlangoni tu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti la sare na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Pembe moja haikuwapo.

Gilliland alivaa glavu, akaikunjua. Ulikuwa mpango wa safu za gwaride, kwa herufi zilezile za duara za ubao wa ukumbini. Safu ya tatu, mahali ambapo jina la Haddick lilikuwa kwa miaka arobaini, hata alipoacha kutembea na gwaride, palikuwa pameandikwa: G. Devenny, badala yangu, kwa filimbi yangu niliyompa. Muda umefika.

"Kwa nini hukuichoma? Moto ulikuwa mkubwa kuliko nyumba."

"Ni mwandiko wake," alisema Mawhinney.

"Na msichana? Ulijua yuko seli kwa ajili ya filimbi hii. Ushahidi wake ulikuwa mfukoni mwako."

Mawhinney alianza kuifungua aproni. Fundo lilimshinda, na alilihangaikia muda mrefu bila kuinua macho.

*

Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano Gilliland alimpigia simu Mrakibu Crozier. Alimsomea karatasi neno kwa neno, akamwambia juu ya pembe iliyokosekana. Upande wa pili kalamu ilisikika ikiwekwa mezani.

"Nitamwachia," alisema Crozier hatimaye. "Mtaa hautapenda jina hili."

"Mtaa unalijua tayari, bwana," alisema Gilliland, akakata simu.

Mallon alimwingiza Mawhinney kwenye gari. Ng'ambo ya barabara, chini ya bendera zilizolowa, Trevor Magowan alikuwa amesimama, mikono mitupu. Haikujulikana amekuwa pale tangu saa ngapi. Gilliland akamwendea.

"Amesema?" Magowan akauliza.

"Amesema. Wewe ulijua lini?"

Jitu lile likakohoa. "Tulikuwa tunarudi kutoka uwanjani. Nikaona wanamtoa na machela namba 37. Nikahesabu kichwani."

"Na wenzako?"

"Kila mtu anaweza kuhesabu, Inspekta."

"Watu thelathini na wanane," alisema Gilliland. "Siku mbili. Msichana wa miaka ishirini amelala seli kwa kosa la kupewa filimbi, na katika mtaa huu mzima hakupatikana hata mmoja wa kupiga simu."

"Mimi hufuata fimbo," alisema Magowan, lakini safari hii alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu kisichomwenea.

Gilliland alifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akaliweka juu ya ukuta mfupi wa bustani, na kalamu juu yake.

"Fimbo imeshuka, Kadogo."

Magowan alimtazama Mawhinney nyuma ya kioo cha gari. Mawhinney alikuwa ameketi wima, akitazama mbele, midomo yake ikichezacheza kana kwamba anahesabu. Kisha Magowan akapangusa viganja kwenye suruali, akaichukua kalamu, na akaanza kuandika jina lake kamili.